Mbawakawa Sugu wa Bustani ya Babu

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Nimeamka mapema kupiga dawa. Nimevaa koti la Babu, glavu za Babu, na kitambaa puani. Mikono ya koti inanifika magotini. Mfukoni bado kuna kipande cha chaki ya bluu na pini ambayo imenichoma kwa mara nyingine. Babu alikuwa fundi cherehani, na hata bustani aliilima kishonaji. Mashimo ya maboga aliyapima kwa tepu ya viuno. Mashina yanayotambaa aliyafunga kwenye fito kwa vitambaa vilivyobaki kwenye suti za watu. Mpaka leo nyuma ya nyumba kuna shina la boga lililovaa mistari kama bwana harusi.

Chupa ya dawa ni ileile aliyoiacha. Imebaki chini ya nusu. Yeye alikuwa akitia vifuniko vitatu kwa bomba moja. Mimi natia kimoja, tangu alipotutoka, misimu mitatu sasa. Si ubahili. Kwenye lebo kuna alama ya kidole chake, ya chaki, na chupa ikiisha itabidi itupwe. Kwa hiyo naivuta, kama mtu anayekula mwisho wa keki kwa ncha ya kijiko.

Nimepuliza bustani nzima, juu na chini ya majani. Mbawakawa wekundu hawakusogea. Waliendelea kutafuna. Mmoja alijipangusa uso. Mjomba alipita na spana yake, akasimama, akauliza kama ninawaua au ninawaogesha.

Nyumba yetu ni ya watu watatu sasa: Bibi, Mjomba na mimi. Mjomba ni fundi magari. Jana alisema mbele ya Bibi kwamba bustani imekuwa hoteli ya wadudu, kula na kulala bure, wakati wateja wake wanaegesha barabarani kama watu wasio na kwao. Anataka kumwaga saruji. Mafundi watakuja Jumamosi ya tarehe 22. Bibi aliendelea kuchambua mchele mpaka akamaliza ungo. Kisha akatoa hukumu. Siku hiyo kukiwa na boga, hata moja, ukubwa wa ngumi, bustani inabaki. Lisipokuwepo, saruji imwagwe, na asisikie mtu akilia kwenye korido.

Mjomba aliuliza ngumi ya nani. Bibi akasema yake, akaikunja, akamwonyesha.

Kwa sasa hakuna boga. Kuna maua, na maua yanaliwa kabla hayajafunguka vizuri. Lakini nina akili, na nina mwalimu mzuri wa biolojia. Tutaona.


Jumanne, tarehe 4 Machi

Klabu ya Sayansi. Mwenyekiti wetu ni msichana tunayemwita Darubini, kwa sababu ndiye anayetunza ufunguo wa kabati la darubini, na hukutazama jicho moja likiwa limefumbwa. Niliuliza kwa nini mdudu anapigwa dawa na hafi. Darubini alisema labda nawapiga kwa maneno. Wakacheka. Mwalimu hakucheka. Alifuta ubao wote, jambo analolifanya akifurahia swali.

Alieleza hivi. Dawa ya aina ile hupita kwenye ngozi ya mdudu, ikafika kwenye neva, ikashika vijilango vilivyomo na kuvizuia visifunge. Mdudu hutetemeka mpaka anakufa. Lakini wako mbawakawa wenye ngozi nene kidogo, dawa inachelewa kupenya. Wako ambao vijilango vyao vina umbo tofauti kidogo, dawa haipati pa kushika. Na wako wenye vimeng'enya vingi kupita kawaida, ambavyo huikatakata dawa vipande vipande kabla haijafika popote.

Hapo nilielewa mara moja. Ni kama mkate kwetu. Unaletwa kwa ajili ya watu watatu, Mjomba anakaa karibu na mlango, na mezani unafika mfuko.

Mwalimu aliendelea kwamba kuna vitu vinavyoweza kuvifunga mikono vimeng'enya hivyo ili dawa ipite salama. Hata mafuta ya ufuta yana kitu cha namna hiyo. Alisema pia kwamba hilo si jambo la kujaribu nyumbani, kwamba vipimo vyake ni kazi ya wataalamu. Sehemu hii nimeiandika kwa herufi ndogo.

Bibi ana chupa nzima ya mafuta ya ufuta. Anajipaka magotini.


Alhamisi, tarehe 6 Machi

Siku mbaya. Niiandike kwa utaratibu.

Nilichanganya dawa kifuniko kimoja, maji, na mafuta yote ya Bibi. Nilitikisa bomba. Nilipiga karibu bustani nzima kwa moyo mweupe. Mwanzoni ilipendeza. Majani yaling'aa. Mbawakawa waling'aa. Walikaa kwenye safu, wekundu, wamepakwa mafuta, kama wanafunzi siku ya picha ya darasa.

Hawakufa.

Kisha mafuta yaliziba tundu la bomba. Nililigeuza kulitazama. Nilikumbuka Babu alivyonikataza kulielekeza usoni, nikaligeuzia upande mwingine na kupampu kwa nguvu. Lilizibuka. Upande mwingine alikuwepo mteja wa Mjomba, anangoja gari lake lililooshwa muda huohuo. Mungu alimlinda mteja. Kioo cha mbele hakikulindwa. Mjomba alikifuta kwa sabuni, kikawa na ukungu. Akakifuta kwa gazeti, kikawa na ukungu wenye habari. Mteja alisema atarudi siku ambayo huyu mtoto yuko shuleni.

Jioni Bibi alitafuta mafuta yake. Alifungua makabati yote ya jikoni. Nikamwambia yako kwenye maboga. Akasema kwamba marehemu naye aliwahi kumchukulia poda yake akaimwaga kwenye mstari wa matango, ati inafukuza siafu. Alipoulizwa, alijibu kwamba siafu hawakuondoka lakini wananukia. Bibi alicheka mpaka akashika ukuta. Halafu alijisugua magoti makavu, na mimi nikaona haya.


Ijumaa, tarehe 7 Machi

Jua la jana limekaanga majani yenye mafuta. Yamebabuka, ya kahawia pembeni. Kitu pekee kilichodhuriwa na sumu yangu ni mashina yenyewe ya maboga.

Darubini alisikia, sijui kwa nani. Aliniuliza mstarini kama nilikumbuka kutia na chumvi.

Mjomba ameleta mifuko ya saruji. Ameipanga koridoni, karibu na cherehani ya Babu iliyofunikwa shuka. Usiku nikienda kunywa maji napita katikati yao. Cherehani upande mmoja, saruji upande mwingine, kama ndugu wasiosalimiana.

Bado kuna shina moja zima, la upande wa ukuta, lenye vitambaa vya kijivu. Halikufikiwa na mafuta kwa sababu bomba lilikuwa limeziba. Nashukuru kwa kuziba.


Jumatano, tarehe 12 Machi

Leo nimekuwa mshindi kwa muda mfupi.

Mwalimu alituomba kila mmoja alete mbawakawa wa kwao. Ana kipimo alichopewa na rafiki yake mtafiti. Unamsaga mdudu kwenye kichupa, unatia kemikali tone kwa tone, unangoja. Kimeng'enya kikiwa kidogo, maji yanabaki hafifu. Kikiwa kingi, yanakolea.

Mbawakawa wa bustani ya shule, wa Darubini, walitoa rangi ya chai iliyozimuliwa kwa ajili ya wageni wengi. Wangu walikolea kabla Mwalimu hajaweka kifuniko. Weusi kama wino. Darubini alirudia kipimo kwa mkono wake mwenyewe. Wino. Alifumbua macho yote mawili.

Ninakiri nilisimama wima. Nilisema, kwa unyenyekevu, kwamba hawa ni wa nyumbani, sikuwachagua.

Mwalimu aliuliza natumia dawa kiasi gani. Nikajibu kifuniko kimoja kwa bomba, kwa sauti ya mtu mwekevu. Akauliza chupa inasema vingapi. Nikasema vitatu. Akauliza tangu lini. Nikasema tangu Babu. Alivua miwani yake, akaifuta, ingawa ilikuwa safi.

Alisema hakuna mbawakawa hata mmoja aliyezoea dawa. Mdudu mmoja mmoja hajifunzi kitu. Ila katika kila kundi huwa wapo wachache waliozaliwa na vimeng'enya vingi. Dawa kamili ingewaua karibu wote, hata wengi wa hao. Dawa hafifu iliwaua wale laini tu. Wale sugu wakabaki, wakaoana wenyewe kwa wenyewe, wakazaa sugu zaidi, nami nikarudi tena na kifuniko changu kimoja kuwachuja. Msimu baada ya msimu. Hata dawa kamili, ikipigwa hiyohiyo kila mwaka, mwisho wake ni uleule. Mimi niliharakisha tu. Alisema watafiti huwafuga wadudu namna hiyo kwa makusudi, ndani ya maabara yenye kufuli.

Darubini alinipa oda ya jozi moja, dume na jike, kwa ajili ya mbegu.

Nilirudi nyumbani kwa miguu, polepole. Nimekuwa nikiitunza chupa ya Babu, na kwa chupa hiyo nimewalea wanaolila boga la Babu. Sikutaka chochote kiishe.


Alhamisi, tarehe 13 Machi

Nimemwambia Bibi kila kitu. Nilidhani atasikitika. Aliuliza tu kama vimeng'enya vinauma.

Kisha akanisimulia jambo nisilolijua. Zamani, kabla mama yangu hajazaliwa, hawakuwa na chupa wala bomba. Walikuwa wakiamka kabla jua halijapata nguvu, wakati mbawakawa wamelowa umande, wazito, hawawezi kuruka. Babu aliinua majani kwa fimbo ya kupimia. Bibi alishika kopo la maji ya sabuni. Mdudu anadondoka, wanaendelea na jani linalofuata. Bibi alisema wakati ule Babu alikuwa mwembamba kama uzi na anaongea kama redio. Mchana kutwa yuko kwenye cherehani na pini mdomoni, hasemi neno. Ila asubuhi ile, mdomo mtupu, maneno yote yalitoka. Hata habari kwamba kwanza aliwahi kumchumbia dada yake Bibi alimweleza pale, kati ya majani. Bibi alimwagia kopo.

Niliuliza kwa nini waliacha. Alisema watoto walikuja, shule zikaja, Babu akanunua bomba ili amalize haraka. Akamaliza haraka. Bibi alisema hivyo na kuutazama ungo ingawa haukuwa na kitu.

Chupa nimempa Mjomba aipeleke ofisi ya kilimo, wanapopokea dawa za zamani. Aliifunga kwenye mifuko miwili. Sikuomba kuishika mara ya mwisho. Niliitazama tu ikiondoka kwenye kikapu cha baiskeli, ikitikisika, na alama ya chaki upande wa kwangu.


Jumamosi, tarehe 15 Machi

Mimi na Bibi bustanini, kopo mkononi. Yeye kwenye kiti kidogo cha jikoni, ananionyesha jani kwa kidole cha mguu. Ni kweli, asubuhi ni wazito. Unagusa jani, wanaanguka kama vifungo. Hapo vimeng'enya havisaidii. Hakuna kimeng'enya cha kukatakata maji ya sabuni.

Kwenye shina la vitambaa vya kijivu tumekuta ua la kike, zima, na kijiboga chini yake kidogo kama gololi. Nyuki sijawaona tangu siku ya mafuta. Bibi alichuma ua la kiume, akalichuna petali zake, akanipa nimpake chavua mwenzake. Alisema nisione haya, maboga hayana shemeji.

Mjomba alikuja kuchungulia na kikombe cha chai. Alisema mapenzi haya yana siku saba, na saruji haijui kusubiri. Bibi akamwambia anywe chai yake mbali, asiwatie bwana na bibi harusi wasiwasi.


Jumatano, tarehe 19 Machi

Limeshika. Lina ukubwa wa limau. Kila asubuhi tunaokota, na kila asubuhi Bibi ana habari mpya ya zamani. Leo ilikuwa ya mteja aliyeletewa suruali yenye miguu miwili ya kushoto, akaisifu.

Nina mpango mdogo wa kumpunguzia Bibi ngumi. Nimesoma kwamba baridi hukaza viungo. Nimemshauri Jumamosi aoshe mikono kwa maji baridi kabla ya kipimo. Alisema mimi ni mjukuu wa babu yangu, na hakuonyesha kama ni sifa.

Shuleni Darubini anataka mbawakawa wangu kwa maonyesho ya sayansi. Nimemwambia waliobaki wanapungua. Alisema kwa upole, jambo lililonitisha, kwamba mwaka huu hakuna mwenye kitu cha ajabu kama wangu. Nimempa kumi na wawili kwenye mtungi, na nimemwambia mtungi usifunguliwe hata na mwalimu mkuu.


Jumamosi, tarehe 22 Machi

Mafundi saruji walifika wakati kopo letu lilikuwa halijamwagwa. Watu wawili na toroli. Mjomba aliwaambia wangoje, kuna kesi.

Tulikwenda wote mpaka ukutani. Bibi akapiga goti moja, lile lililo afadhali. Akaweka ngumi kando ya boga. Ngumi ilikuwa kubwa. Boga lilikuwa jitu kwa limau, lakini kwa ngumi ya Bibi lilikuwa bado. Moyo wangu uliteremka mpaka kwenye viatu vya Babu.

Bibi akaitoa ngumi, akaikunja upya, dole gumba likiwa ndani. Akaibana mpaka ikatetemeka. Ikalingana.

Mjomba alisema Mama, hiyo si ngumi, hicho ni kiazi. Bibi akasema kila mtu ana ngumi yake ya asubuhi. Mjomba alichuchumaa ili apime kwa macho yake. Alikaa hivyo muda mrefu. Nikaona hatazami boga. Anatazama kitambaa cha kijivu kilichofunga shina kwenye ufito. Alikishika kati ya vidole vyenye grisi. Aliuliza kama hii si suruali yake ya shule. Bibi akasema ndiyo, ile ya darasa la kwanza, aliyolia hataki kuivua hata kwa kuoga, mpaka Babu akamdanganya kwamba inakwenda kushonewa mifuko ya siri.

Mjomba alisema alingoja mifuko hiyo mwaka mzima.

Kisha akasimama, akawaambia mafundi wamwage upande wa lango tu, upana wa gari moja. Mmoja akauliza na huku kwenye majani. Mjomba akamjibu kwa ukali kwamba huku kuna boga, haoni. Akarudi karakana bila kumaliza chai. Bibi alibaki amepiga goti, kwa sababu alikuwa hawezi kuinuka. Tukamnyanyua mimi na fundi saruji.


Jumapili, tarehe 30 Machi

Boga sasa ni kubwa kama kichwa cha mtoto, na Bibi hasumbuki tena kulikunjia ngumi. Tutaliacha likomae, tuchukue mbegu. Darubini amepata nafasi ya pili kwenye maonyesho kwa mbawakawa wangu. Jina langu limeandikwa chini, kama Mfugaji.

Kuna jambo moja tu linalonitia wasiwasi. Mbawakawa wamekuwa wachache mno. Juzi tulimaliza bustani nzima kabla Bibi hajafika katikati ya habari ya dada yake na lile kopo. Akaikatisha, akasema basi, twende ndani. Ndani aliwasha redio. Mimi nilikaa na nusu ya hadithi.

Nimefikiri kwa makini, kama nilivyofundishwa, na nimepata ufumbuzi. Kila asubuhi nitawaacha wachache. Si wale wazembe wanaoanguka ukigusa jani, hao hawatupi hata dakika. Nawaacha wepesi, wanaojificha chini ya jani kivuli changu kikifika, wanaokimbia mpaka inabidi mtu azunguke shina mara mbili. Hao ndio wenye maongezi marefu. Nao wakizaana, tutakuwa na asubuhi ndefu mpaka msimu ujao na ule unaofuata. Hakuna ubaya. Mwalimu alizungumzia dawa tu, na mimi dawa sijagusa.

Leo nimeacha sita. Walipaswa kuwa watano, ila Bibi naye alimruka mmoja mkubwa, mwekundu, aliyekaa wazi kabisa mbele ya kidole chake. Macho ya Bibi siku hizi si mazuri. Sikumwambia.